Mjadala: Zenoni za kufunga mwenyewe kwenye taa za fulu, ziruhusiwe au zipigwe marufuku?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kutukanana. Kila ikitajwa zenoni (balbu inayowaka kwa cheche ndani ya gesi) ya kununua na kufunga mwenyewe, watu wanakimbilia jambo moja: inawachoma macho wanaokuja mbele. Kwenye dimu, ile taa ya chini ya kupishana, sina ubishi. Dimu ina mstari wa kukata mwanga, na ukiweka balbu isiyo yake mstari ule unavurugika, mwanga unaruka hadi usoni mwa watu.

Mimi nauliza kuhusu fulu peke yake. Fulu haina mstari wa kukata, kazi yake ni kurusha mwanga mbali, na dereva anatakiwa aizime akiona gari linakuja. Sasa kama naizima, namchoma nani? Gari langu lina balbu nne mbele: dimu na fulu kila moja ina balbu yake na rifleta yake (kioo cha ndani kinachoakisi mwanga). Nataka dimu ibaki halojeni, balbu ya kawaida ya waya, kama ilivyotoka kiwandani, fulu nifunge zenoni ya wati 35. Kuna hoja ya kweli ya kunizuia, au ni mazoea tu ya kukataa?

Msafiri wa Usiku

Naunga mkono, na nina hoja mbili.

Ya kwanza ni mwanga. Halojeni ya aina ya H7 inakula wati 55 na kutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1500 hivi. Zenoni ya kiwandani aina ya D2S inakula wati 35 na kutoa lumeni 3200. Mwanga mara mbili na zaidi, umeme pungufu, joto pungufu.

Ya pili ni sheria, maana najua kuna watu wataileta. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa, ile ya ufungaji wa taa kwenye magari, ndiyo inayodai taa zenye balbu ya zaidi ya lumeni 2000 ziwe na mfumo wa kuosha lenzi, pamoja na wa kujisawazisha, yaani kujishusha mwanga gari likiinama nyuma. Kaisomeni vizuri: sharti hilo limewekwa kwa dimu. Kwa fulu halipo. Waliotunga kanuni walijua hatari iko wapi.

Soma Lenzi

Mkuu, umesoma ukurasa mmoja ukaruka mwingine. Nenda kwenye gari lako, chukua tochi, angalia kioo cha taa karibu na ile herufi E iliyo ndani ya duara, alama ya idhini. Utakuta herufi zimechongwa. HC ni dimu ya halojeni, HR ni fulu ya halojeni, HCR ni zote mbili. Taa ya zenoni imeandikwa DC, DR au DCR. Taa inaidhinishwa pamoja na aina ya balbu yake, kwa hiyo ukiweka zenoni ndani ya taa iliyoandikwa HR, hiyo taa haina tena idhini yoyote, dimu au fulu.

Na kando ya hizo herufi kuna namba, mfano 17.5 au 37.5. Hiyo ndiyo nguvu ya fulu. Ukijumlisha namba za taa zote za fulu zinazowaka pamoja zisizidi 100, kwa kanuni hiyo hiyo uliyoitaja. Ukibadilisha balbu, ile namba inakuwa pambo tu. Uingereza tangu 2021 gari lililotolewa halojeni likawekwa zenoni ndani ya taa ile ile linafelishwa ukaguzi wa mwaka, isipokuwa magari ya zamani sana na pikipiki, na hakuna aliyesema fulu iachwe.

Msafiri wa Usiku

Karatasi hizo. Niambie madhara, usiniambie herufi.

Fundi Waya

Madhara ni muda. Nashangaa tumefika hapa hakuna aliyelitaja.

Halojeni ni waya mwembamba unaopata moto. Ukibonyeza, unawaka papo hapo. Zenoni haina waya. Ina kijichupa kidogo cha kwazi chenye gesi na chumvi za metali, na ncha mbili zinazotazamana kwa umbali wa milimita 4 hivi. Balasti, kile kiboksi cha kuilisha umeme, inapiga volti zaidi ya 20,000 ili cheche iruke kati ya ncha, kisha inashuka hadi volti 85 hivi kuendeleza moto. Mwanga wa kwanza unatoka kwenye gesi, nao ni hafifu. Mwanga mkubwa unakuja chumvi zikishapata moto na kugeuka mvuke. Kanuni namba 99, inayohusu balbu hizi, inaitaka ifike asilimia 25 ya mwanga ndani ya sekunde 1 na asilimia 80 ndani ya sekunde 4. Hiyo ni balbu bora na balasti bora. Vifurushi vya bei rahisi vinajikokota kuliko hapo, na mara nyingi upande mmoja unatangulia, mwingine unafuata ukiwa na rangi ya zambarau.

Kwenye dimu hilo halisumbui mtu. Unawasha unapoondoka, inachemka, unakwenda nayo safari nzima. Fulu haitumiki hivyo. Unapiga fulu kwa sababu kuna kitu unataka kukiona SASA. Kwa kilomita 100 kwa saa gari linakata karibu mita 28 kila sekunde. Sekunde 4 ni zaidi ya mita 110. Ukimaliza kusubiri, ulichotaka kukiona umeshakipita au umeshakigonga.

Na kiwandani walilijua hili. BMW ilipotoa zenoni kwenye Series 7 mwaka 1991, iliiweka kwenye dimu tu, fulu ikabaki halojeni. Fulu ya zenoni ilikuja mwaka 1999 na Mercedes CL, nayo haikuwa ya kuwasha na kuzima: moto mmoja unawaka muda wote, kinachobadilika ni kipazia kinachofunika au kufunua mwanga. Hata baada ya hapo magari mengi ya aina hiyo yaliendelea kubeba balbu ya halojeni pembeni kwa ajili ya kupiga flashi.

Msafiri wa Usiku

Fundi, nakuheshimu, lakini hesabu yako inamhusu mtu aliye gizani kabisa. Mleta mada ana balbu nne. Kwenye magari mengi ya namna hiyo ukipiga fulu, dimu haizimiki. Hizo sekunde 4 haendeshi kipofu, anaendesha kwa dimu huku fulu ikipanda. Na barabara ndefu iliyonyooka, isiyo na magari, fulu inawaka dakika nyingi mfululizo. Hapo zenoni inalipa. Nimeendesha gari la namna hiyo na sirudi nyuma.

Fundi Waya

Barabara iliyonyooka na tupu, nakubali. Nionyeshe iliyo hivyo safari nzima. Kuna mlima, kuna kona, kuna lori linakuja, unashusha. Linapita, unapandisha. Dakika moja, lingine. Kila ukipandisha ni volti 20,000 zinapiga ncha zile zile. Zenoni inaishi miaka ikiwashwa mara chache na kuachwa iwake. Ukiiwasha na kuizima kutwa, ncha zinalika, kichupa kinaingia weusi, rangi inageuka. Balbu zinazoletwa kwetu zimekufa mapema, nyingi zimetoka kwenye fulu.

Halafu fikiria sekunde baada ya lori kupita. Macho yako bado yanarudi kutoka kwenye taa za lori. Hapo ndipo unaihitaji fulu kuliko wakati wowote, na hapo ndipo yako inajivuta.

Balbu Moja

Wakuu, na sisi wa H4, balbu moja inayofanya dimu na fulu? Kuna kifurushi chenye sumaku, balbu inasogea mbele na nyuma, mbele dimu, nyuma fulu. Moto hauzimiki. Si inatatua tatizo la Fundi?

Fundi Waya

La muda inatatua, inaleta la mahali. H4 ina nyaya mbili ndani. Wa fulu umekaa penye kitovu cha rifleta, wa dimu umekaa mbele kidogo na chini yake kuna kikombe cha chuma kinachokinga nusu ya mwanga. Rifleta yote imechorwa kwa kufuata nafasi hizo. Ukileta sumaku yenye mchezo wa milimita moja, dimu yako haina mstari na fulu yako haina kitovu. Hiyo kwangu hapana, hata usinishawishi.

Hesabu Kwanza

Niongeze jambo kwenye zile lumeni 3200, maana watu wanadhani mwanga mara mbili ni kuona mara mbili mbali. Mwanga unatawanyika kwa mraba wa umbali. Ili uone mbali mara mbili unahitaji mwanga mara nne. Ukitoka 1500 kwenda 3200, umbali unaongezeka kwa chini ya nusu. Na hiyo ni kama rifleta inaupeleka mwanga mpya kulekule ilikokuwa inaupeleka wa zamani, jambo ambalo halitokei. Waya wa halojeni umenyooka na unang'aa sawasawa. Moto wa zenoni umejipinda kama upinde na unang'aa zaidi karibu na ncha. Kwa hiyo sehemu ya mwanga inamwagika hapo mbele ya bampa. Pale chini panapong'aa sana, mboni inasinyaa, na huko mbali unaona vibaya kuliko mwanzo. Dereva anashuka anasema taa ni kali balaa. Ni kali kweli, mita 20 mbele yake.

Na wanaonunua za Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 8000 kwa sababu ya rangi ya buluu, hao ndio siwaelewi kabisa. Za kiwandani ni 4300 hivi. Kadiri unavyopanda kwenye buluu lumeni zinashuka.

Mpanda Baiskeli

Mnajadili kana kwamba barabarani kuna madereva tu. Mleta mada amesema anaizima akiona gari linakuja. Gari! Mimi nikija na baiskeli na kataa kangu kadogo, au mama anatembea pembezoni na mzigo kichwani, nani anashusha? Kwa uzoefu wangu, mmoja kati ya wengi. Halojeni ya fulu inauma lakini unageuza uso unaendelea. Ile nyeupe ya kufunga ikinipiga, ukingo wa lami unapotea, natembelea imani mpaka macho yarudi. Kwa hiyo hoja ya "fulu haimchomi mtu kwa sababu inazimwa" inasimama kwa anayemhesabu mwenye gari tu kuwa mtu.

Mleta mada

Dada, hapo umenipiga. Hilo sikulitia kwenye hesabu na sina jibu lake.

Msafiri wa Usiku

Mimi nina jibu: hiyo ni tabia ya dereva, si kosa la balbu. Asiyeshusha kwa mwenye baiskeli, na halojeni hashushi.

Mpanda Baiskeli

Kwa hiyo tumpe mwenye tabia mbaya taa kali zaidi?

Fundi Waya

Nirudi kwenye shida yenyewe. Mleta mada, nahisi hukuanza na kutaka zenoni, ulianza na fulu hafifu. Gari lina umri gani sijui, lakini nikiletewa la miaka kadhaa, kitu cha kwanza sishiki balbu. Nawasha injini, nawasha fulu, nachomoa kifuniko cha nyuma ya taa na kupima volti pale pale kwenye soketi ya balbu ikiwa inawaka. Mara nyingi naikuta soketi ya plastiki imegeuka rangi ya chai upande mmoja, pini imelegea. Betri inasoma volti 14, soketi inasoma 12 au pungufu. Hizo volti zimeliwa njiani: waya mwembamba unaozunguka hadi swichi ya usukani na kurudi, pini zenye kutu, waya wa ethi (wa kurudisha umeme kwenye bodi) uliofungwa juu ya rangi ya bodi.

Sasa sikiliza. Mwanga wa halojeni haushuki sambamba na volti, unaporomoka. Ukipoteza asilimia 5 ya volti unapoteza mwanga kama asilimia 16. Ukipoteza asilimia 10, umepoteza karibu asilimia 30. Taa inapimwa maabara kwa volti 13.2. Ukiipa 11.5 umetupa zaidi ya theluthi ya mwanga, halafu unakwenda dukani kununua zenoni kuufidia.

Dawa ni rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo), fyuzi karibu na betri, waya mnene kutoka betri hadi taa, na ethi safi iliyokwanguliwa mpaka chuma kionekane. Swichi ya zamani inabaki kuamrisha rilei tu. Kama lenzi ya plastiki imeingia unjano, ipigwe msasa laini na polishi. Kisha balbu mpya ya halojeni ya wati zile zile.

Soma Lenzi

Na hayo yote herufi kwenye lenzi hazijaguswa. Nimalizie hapo.

Msafiri wa Usiku

Rilei nimewahi kufunga, tofauti ipo, sikatai. Lakini haifiki kwenye zenoni kwa barabara ndefu. Hapo hamnihamishi. Anayetaka mwanga zaidi afunge basi taa za ziada za fulu zilizoidhinishwa, huko angalau hatutabishana kuhusu rifleta.

Hesabu Kwanza

Alimradi jumla haizidi ile 100. Na zizimike pamoja na fulu kwa swichi ile ile, zisiwe na swichi ya pembeni unayosahau.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Zenoni naiweka kando kwanza nipime volti. Swali moja: nikishafunga rilei, si naweza kuweka halojeni za wati 100 zile zinazouzwa kwa rali?

Fundi Waya

Waya wangu utazibeba. Soketi na rifleta hazitazibeba: joto linaivimbisha lenzi ya plastiki na kuuchubua ule mng'ao wa ndani, na mng'ao ukishachubuka hata balbu ya wati 55 haiangazi tena. Weka 55. Na pima soketi zote mbili, kulia na kushoto. Mara nyingi moja ni nzima na nyingine ndiyo iliyooza.