Zombieproof au Holy Water? Nipo mlangoni kwa Yunalesca (FFX), naombeni ushauri

Chalii_Sakina
Wakuu, heshima kwenu. Nacheza Final Fantasy X, nimeshamtoa Seymour pale Mlima Gagazet na sasa nimeseve ndani ya Zanarkand. Yule Seymour kanitesa wiki nzima. Anamchoma mtu mkuki, mtu anageuka msukule, halafu lile dude lake linamrushia Full-Life, uchawi wa kufufua, na jamaa anakufa palepale, maana kwa msukule uhai ni sumu. Nimeapa siingii tena vitani bila kinga, na nasikia Yunalesca, bosi wa hapa Zanarkand, naye anageuza watu misukule.

Nina Candle of Life 12, zile za kutengenezea kinga kwenye vazi. Zombieproof, kinga kamili ya kutogeuka msukule, inakula 10, kwa hiyo ni vazi moja tu. Vinginevyo ninunue Holy Water 60, maji ya kumsafisha msukule, nitie Zombie Ward, kinga pungufu, kwenye mavazi mawili. Au niachane na mavazi kabisa, nijaze Holy Water mfukoni. Lipi bora? PS4 ni ya kaka, Jumapili anaondoka nayo kwenda Dodoma.

MzeeWaPedi
Mkuu, hapo hujasema kitu. Unatumia Sphere Grid (ramani ya kukuza uwezo wa timu) ya Standard au Expert? Yuna ameshapata uchawi wa Holy? Mavazi yenu yana nafasi tupu? Gil unazo ngapi? Holy Water moja ni gil 300. Ward moja inakula 30, hiyo ni gil 9,000, na mavazi mawili ni 18,000. Tena Ward si kinga kamili, inakuokoa nusu ya mara tu. Lete taarifa zote ndipo tukushauri.

Kibo_77
Zombieproof kwa Yuna, usijiulize mara mbili. Mponyaji wako akibaki mzima, timu nzima imebaki nzima. Mimi nimemaliza gemu hili mara tatu hapa Moshi na kila mara Yuna ndiye wa kwanza kuvalishwa.

MzeeWaPedi
Kibo, Yuna akibaki mzima atamponya nani? Wenzake wakiwa misukule, akiwatupia Curaga anawaua kwa mkono wake. Lazima awasafishe kwanza kwa Holy Water ndipo awaponye, na hizo ni zamu mbili kwa kila mtu.

dada_Kiboriloni
Mdogo wangu Chalii, subiri kwanza. Nyote mnazungumzia sura ya pili ya yule mama. Anazo tatu, na ya tatu ndiyo inayoua.

Niwaambie yaliyonipata. Ilikuwa enzi za PS2, nipo kidato cha tatu, nilikuwa nimekusanya Holy Water kama 40. Sura ya kwanza ikaenda vizuri. Ana damu 24,000, ukimpiga kwa silaha anakulipa upofu, ukimpiga kwa uchawi anakulipa ububu, nikazoea. Sura ya pili, damu 48,000, akaanza Hellbiter, wote watatu wakawa misukule. Mimi kila akituroga nasafisha, na nilijiona nacheza vizuri kweli. Alipokaribia kuisha nikasafisha wote, nikajaza damu zote, nikamwachia Auron pigo la mwisho.

Akabadilika. Kikatokea kile kichwa kikubwa chenye minywele kama nyoka. Sikupewa hata zamu moja. Akapiga Mega Death, na Mega Death inaua kila mtu ambaye SI msukule. Wote watatu chini kwa pamoja. Nikarudi kwenye kuseve, na mnajua kabla ya pambano lile kuna mazungumzo marefu yasiyorukika. Nikayasikiliza yote upya. Mara ya pili nikasafisha tena wote kwa sababu sikuwa nimeelewa kilichoniua. Nikafa vilevile.

Mara ya tatu mdogo wangu, aliyekuwa anaangalia tu, ndiye aliyesema, "Dada, yule aliyekuwa na rangi ya msukule alichelewa kuanguka, damu yake ilikuwa haijaguswa." Basi mara ya nne nikaingia na daftari la hesabu, naandika kila pigo, natoa kwenye 48,000. Ilipobaki kama 4,000 nikaacha Holy Water, nikasubiri Hellbiter, ndipo nikammaliza. Mega Death ikapita, wawili wakabaki wima! Nikapiga kelele hadi mama akaja kuuliza kuna nini. Nikawa naikata sura ya tatu taratibu, damu zake ni 60,000, nimebakiza kidogo, umeme ukakatika. Nilikaa nimeshika pedi, gumba bado liko kwenye X, skrini nyeusi, nasikia jenereta la jirani linawashwa. Nililia, sioni haya kusema.

Kwa hiyo Chalii, ukimvalisha kila mtu Zombieproof umewachimbia wote kaburi. Pale msukule ndiyo kinga yenyewe.

Chalii_Sakina
Dada, shikamoo. Sikujua kabisa habari za sura ya tatu. Gil ninazo 21,000 hivi. Grid ni Standard. Yuna Holy bado.

MzeeWaPedi
Na nafasi tupu kwenye mavazi?

Njiro_Gamer
Kuna njia ambayo hamjaitaja: Deathproof. Ukiwa nayo Mega Death haikugusi, uwe msukule usiwe msukule.

MzeeWaPedi
Deathproof inataka Farplane Wind 60. Atazitoa wapi kabla ya Jumapili?

Njiro_Gamer
Basi aeon, dude analoliita Yuna lipigane badala ya timu. Mimi sura ya pili naimalizia nikiwa na Bahamut uwanjani. Mega Death inampiga Bahamut, Bahamut hafi, timu yangu haipo pale. Sijawahi kupoteza kwa Yunalesca.

Kibo_77
Aeon ni kukwepa pambano, lakini haya. Narudi kwenye Zombieproof ya Yuna. Ndiyo, Mega Death itamwangusha. Lakini wenzake wawili misukule wanabaki wima, mmoja anamtupia Phoenix Down, anaamka. Wakati wote kabla ya hapo alikuwa anaponyeka kawaida, hata yule mama akitutupia Regen, ile ya kurudisha damu kidogokidogo, kwa Yuna inageuka faida. Dada, ungekuwa nayo siku ile usingehitaji kusafisha watu watatu.

dada_Kiboriloni
Hapo nakubali kwa mmoja. Nilichokataa ni wote. Ila asije akakosea akamtupia Phoenix Down msukule, atamuua mwenzake.

Mrina_wa_Pasua
Samahani, neno "msukule" mnalitumia vibaya. Msukule ni mtu aliyechukuliwa kishirikina, watu wakazika wakidhani amekufa, kumbe analimishwa shamba la mtu usiku. Huyu wa kwenye gemu ni mtu mwenye akili zake, anapigana upande wako, ila dawa inamdhuru. Tuite zombi tu.

Kibo_77
Mrina, hapa Moshi yote mawili tunaita msukule na tunaelewana.

Mrina_wa_Pasua
Tunaelewana sisi. Mgeni wa gemu akisoma uzi huu atadhani akigeuzwa hawezi kumwamuru mtu wake. Confuse ndiyo hiyo, ambayo mtu anapiga wenzake. Zombi unamwamuru kama kawaida. Hii tofauti ni kubwa kwa mtu anayejifunza.

dada_Kiboriloni
Hoja ya Mrina ina maana. Mimi ile siku nilipoteza zamu nyingi nikidhani lazima nisafishe ndipo mtu apigane.

Njiro_Gamer
Na kama mnataka kuzungumzia Confuse, msubirini Great Malboro ndani ya dubwana Sin. Anawavamia kabla hamjafanya lolote, anapuliza Bad Breath, sumu, upofu, ububu, Confuse, Berserk, vyote kwa mara moja. Timu inauana yenyewe na wewe umekaa unaangalia. Chalii, hizo gil zako zitunze kwa ajili ya huyo. Silaha yenye First Strike, inayokupa zamu ya kwanza, ni bora kuliko Ward yoyote.

Kibo_77
Ribbon, kinga ya vyote hivyo.

MzeeWaPedi
Ribbon inataka Dark Matter 99, na hata hiyo haizuii Death. Kijana ana Candle 12 na siku tatu.

Njiro_Gamer
Bora ajue mapema. Hakuna aliyeniambia habari za Malboro na nilipoteza saa nne.

Mrina_wa_Pasua
Chalii, kuhusu Jumapili: ingia Settings ya PS4, nakili data ya seve kwenye flashi kabla kaka hajaondoka. Hata ukikwama, utaendelea kwenye PS4 nyingine ukiingia kwa akaunti ileile.

Chalii_Sakina
Asanteni sana wakuu. Nafasi tupu ipo kwenye vazi la Yuna na la Tidus, la Auron limejaa. Nilikuwa nimeshaanza kumwekea Yuna Zombieproof, sasa nimesita, nawaza ya Bahamut. Flashi sina, kesho naenda mjini kutafuta. Leo huku Sakina umeme unawaka na kuzimika tangu saa kumi, sithubutu kumwingia yule mama.

dada_Kiboriloni
Usimwingie leo. Na uwe na daftari.

Kibo_77
Njiro, hiyo First Strike uliipata kwenye silaha ya nani? Wakka wangu nafasi zake zimejaa.