Mapenzi ya tajiri na maskini katika tamthilia za Kipakistani: Zindagi Gulzar Hai, Humsafar au Khuda Aur Mohabbat 3?

MwanaTamthilia
Habarini wakuu. Natafuta tamthilia moja ya Kipakistani ya mapenzi ya watu wasio kufu kwa mali. Tatu zinatajwa kila mahali: Zindagi Gulzar Hai, Humsafar na Khuda Aur Mohabbat ya tatu. Naomba mnilinganishie: ipi ndefu, ipi inaonyesha tofauti ya tabaka kwa undani na si kwa mapambo ya nyumba tu, na ipi inafaa kuangaliwa sebuleni na watoto wa sekondari pamoja na bibi yao. Mwisho msinifichulie.

Kalamu_ya_Pwani
Anza na Zindagi Gulzar Hai. Hum TV iliirusha kuanzia Novemba 2012 hadi Mei 2013, sehemu 26. Ukiondoa matangazo kila sehemu ni kama dakika 40, kwa hiyo yote ni saa 17 hivi. Umera Ahmed aliiandika kutokana na riwaya yake mwenyewe, na mwongozaji ni Sultana Siddiqui, mwanzilishi wa Hum TV.

Kashaf (Sanam Saeed) ni wa kwanza kati ya mabinti watatu. Baba yao alioa mke wa pili kwa kutaka mtoto wa kiume, na malezi yakabaki kwa mama yao Rafia (Samina Peerzada), mwalimu. Zaroon (Fawad Khan) ametoka nyumba ya magari na watumishi. Wanakutana chuo kikuu, yeye akiwa na kila kitu, Kashaf akiwa na ufadhili wa masomo na alama za juu.

Hapa umaskini hauonyeshwi kwa nguo zilizochanika. Unauona kwenye mambo yanayolipiwa kwa zamu: ada, nauli, bili, posa za wadogo zake. Kashaf ana ukali ambao watazamaji wengi huuona wa kuchosha mwanzoni, lakini ufuatilie vizuri: kila anapomjibu mtu vibaya, nyuma yake kuna hesabu fulani ya fedha au aibu fulani aliyotiwa kwa sababu ya baba yake. Umera Ahmed hakumfanya maskini mpole anayesubiri kuonewa huruma, na hilo ndilo linaloipa tamthilia hii uzito.

Jambo la kulielewa kabla hujaanza ni mtihani wa CSS. Ndio mtihani wa kuingia ngazi ya juu ya utumishi wa serikali Pakistani, unaosimamiwa na Tume ya Utumishi wa Umma ya Shirikisho. Mtu ana nafasi tatu tu za kuufanya, na umri una kikomo. Anayefaulu na kupangiwa utawala wa wilaya hupata cheo, nyumba ya serikali na gari. Kashaf anapanda kwa njia hiyo, kwa hiyo anapoolewa haendi kwa mumewe mikono mitupu. Asiyejua uzito wa CSS ataona mabadiliko ya katikati yamekuja ghafla. Mpakistani anayatazama na kuona miaka ya kukesha.

Kasoro yake: sehemu za mwanzo zinasimuliwa sana kwa shajara, ya Kashaf na ya Zaroon. Ukiwa unatembea na simu huku unapika, utapoteza nusu ya maana. Na hukumu yake kwa wanawake wa tabaka la juu ni kali kupita kiasi. Asmara, rafiki wa kike wa Zaroon, na Ghazala, mama yake Zaroon, wanalaumiwa kwa mambo ambayo Zaroon mwenyewe anayafanya bila kulaumiwa.

BahariniMuscat
Nakubaliana na mengi, ila kwa anayetaka mapenzi yenyewe, jibu ni Humsafar. Sehemu 23 tu, Hum TV, kuanzia Septemba 2011 hadi Machi 2012. Mwandishi Farhat Ishtiaq, mwongozaji Sarmad Khoosat. Khirad (Mahira Khan) anatoka Hyderabad ya Sindh, binti wa mama mjane anayeumwa saratani. Ashar (Fawad Khan huyo huyo) anaishi Karachi na anafanya kazi kwenye kampuni ya familia. Ndoa inafungwa kwa sababu mjomba, yaani baba yake Ashar, amempa ahadi dada yake mgonjwa. Hakuna kati ya hao wawili aliyechagua.

Uzuri wake ni kwamba tabaka linapita ndani ya ukoo mmoja. Damu ni moja, lakini mama mkwe Farida (Atiqa Odho) anamwona mkamwana wake kama mtu aliyeingia kwa mlango wa jikoni. Hapazi sauti mbele ya watu. Anampangia mtego polepole, akimtumia mwanafunzi mwenzake Khirad wa chuoni, na Ashar anaamini anachokiona kwa macho yake. Halafu kuna Sara (Naveen Waqar), binamu aliyezoea kufikiri kwamba Ashar ni wake. Wimbo wake, shairi la Naseer Turabi lililoimbwa na Quratulain Balouch, ni sehemu ya hadithi, usiuruke.

Kwa watoto: hakuna picha za aibu, ila kuna tuhuma za zinaa, na karibu na mwisho kuna mtu anayejiua. Kwa wa kidato cha kwanza ningekaa nao karibu.

Kalamu_ya_Pwani
Ndugu yangu, hapo kwenye mtego ndipo Humsafar inapopungukiwa kama tamthilia ya tabaka. Tatizo linakuwa ubaya wa mtu mmoja. Ukimwondoa Farida, ndoa inanawiri. Katika Zindagi Gulzar Hai huna wa kumwondoa. Wawili hao wanapendana, wazazi wa mume hawana njama, na bado wanagombana kwa sababu mmoja amezoea kuhudumiwa na mwingine amezoea kutomtegemea mtu.

MkeWaMwalimu
Naomba niongeze jambo moja kwenye Humsafar, maana watazamaji wa huku hulipita. Khirad anapotolewa nyumbani usiku, mtu hujiuliza: haki zake ziko wapi? Pakistani ndoa ya Kiislamu husajiliwa kwa fomu ya nikahnama iliyowekwa chini ya sheria ya familia ya mwaka 1961. Vifungu vya 13 hadi 16 ni vya mahari: kiasi gani, ipi ya papo hapo au mke akiidai, na ipi ya kulipwa baadaye. Kifungu cha 18 kinauliza kama mume amemkabidhi mke haki ya talaka. Kwenye ndoa nyingi kifungu hicho hupigwa mstari kabla bibi harusi hajapewa kalamu, hasa upande wake ukiwa dhaifu wa mali, kwa sababu kukidai huonekana kama kuanza ndoa kwa kutafuta talaka.

Kwa hiyo ukiona ndoa ya haraka kando ya kitanda cha mgonjwa, jua kwamba mazungumzo hayo hayakufanyika. Binti wa Hyderabad asiye na kaka wala baba wa kusimama naye hakuwa na mtu wa kuisoma ile fomu. Ndiyo maana naiona Humsafar kuwa kali kuhusu tabaka kuliko anavyosema Kalamu. Farida anaweza kufanya anachofanya kwa sababu hakuna wa kumuuliza.

Kalamu_ya_Pwani
Hoja hiyo ya fomu naipokea dada. Bado nasema mwandishi hakuitumia, mtazamaji ndiye anayeijaza.

ChakeDeni
Mbona Khuda Aur Mohabbat haina mtetezi? Ile ya tatu stesheni ya Geo waliirusha Februari hadi Novemba 2021, sehemu 39. Mwandishi Hashim Nadeem, mwongozaji Syed Wajahat Hussain. Farhad (Feroze Khan) ni kijana wa kawaida wa Lahore, Mahi (Iqra Aziz) ni binti wa ukoo mkubwa wa Bahawalpur, kusini mwa Punjab. Anamwona harusini, anamfuata hadi kwao.

Tofauti yake na zile mbili ni aina ya ukubwa. Kwa Zaroon na Ashar ukubwa ni fedha, na fedha mtu anaweza kuzitafuta. Kwa Mahi ukubwa ni ardhi, heshima ya ukoo na wafuasi. Farhad hata akitajirika kesho hawezi kuingia pale. Ndiyo maana hadithi inampeleka kwenye ziara ya walii, yaani kaburi lake linalozuriwa, akae na mafakiri, mahali ambapo bwana na mtwana wanakaa mkeka mmoja. Anayejua maulidi na dhikri za pwani ataielewa sehemu hiyo bila kufafanuliwa.

Tahadhari mbili. Kwanza, usianze na msimu wa kwanza wa 2011 ukidhani ni lazima. Ule ni hadithi nyingine kabisa ya Hammad (Imran Abbas), mtoto wa tajiri anayempenda binti wa maulana, yaani tabaka limegeuzwa. Msimu wa pili unamfuata huyo Hammad. Wa tatu unajitegemea. Pili, sehemu 39 ni saa 26 au zaidi, na baada ya nusu ya kwanza mwendo unapungua sana: watu wanatazamana, wimbo wa Rahat Fateh Ali Khan unapigwa, sehemu imekwisha. Kuna pia kuuana kwa bunduki.

BahariniMuscat
Na kumfuata msichana aliyekwisha kukataa, mji hadi mji, tusikuite mapenzi mbele ya watoto. Hilo lizungumzwe sebuleni wazi.

MwanaTamthilia
Asanteni sana. Swali la kando: mbona wazazi wa bibi harusi ndio wanaohangaika kununua makochi na friji? Mahari si inatoka kwa mume?

MkeWaMwalimu
Mahari inatoka kwa mume, na huwa ipo. Hicho unachokiona ni kitu kingine, jahez: samani, vyombo, nguo, dhahabu, wakati mwingine pikipiki au gari, vinavyotoka kwa wazazi wa binti. Sheria ya mwaka 1976 iliweka kikomo cha rupia 5,000 kwa jahez, na haifuatwi. Sasa rudi kwa Rafia mwenye mabinti watatu na mshahara mmoja wa ualimu. Posa inapokuja, wageni wanahesabu nyumba kwa macho: mtaa upi, ukuta umepakwa rangi lini, chai imeletwa kwenye vikombe gani. Posa ikivunjika, mara nyingi sababu inayotajwa siyo ya kweli. Tazama mikono ya watu kwenye matukio ya chai utaelewa mengi kuliko maneno.

Fundi_Manukuu
Upande wa kuangalia. Stesheni zote tatu kubwa, Hum TV, Har Pal Geo na ARY Digital, zina chaneli rasmi YouTube. Ingia kwenye chaneli yenyewe, fungua orodha ya tamthilia, panga kwa namba ya sehemu. Usitafute kwa jina na kubonyeza video ya kwanza, kwa sababu utaletewa nakala za watu wengine: picha imegeuzwa kushoto kulia, pembeni kumekatwa, nyimbo zimenyamazishwa. Na mwangalie sehemu ya mwisho, mara nyingi hukatwa vipande viwili na watu huishia cha kwanza.

Manukuu ya Kiswahili yanayoandikwa na stesheni hayapo. Video ikiwa na alama ya manukuu ya kuwasha na kuzima, nenda kwenye mipangilio, chagua manukuu, kisha tafsiri otomatiki, kisha Kiswahili. Tafsiri ina makosa kwenye vyeo vya ukoo na kwenye mashairi, ila mazungumzo ya kawaida yanafuatika. Kama maneno ya Kiingereza yamechomwa ndani ya picha yenyewe, hayatafsiriki. Angalia sehemu ya 1 na ya 10 kabla hujawaita watu, maana tamthilia za zamani hazina mpangilio mmoja wa manukuu.

Bibi asiyesoma manukuu, mwekeni mtu mmoja wa kumsomea na mpunguze mwendo hadi 0.75. Zindagi Gulzar Hai ndiyo ngumu zaidi kwa hili kwa sababu ya zile shajara. Humsafar ndiyo rahisi, nyuso zinasema.

ChakeDeni
Kama mnataka ya karibuni, kuna Kabhi Main Kabhi Tum, ARY Digital, Julai hadi Novemba 2024, sehemu 34, Farhat Ishtiaq yule wa Humsafar. Sharjeena (Hania Aamir) anaachwa na mchumba wake Adeel, anayemfuata binti wa tajiri, kisha anaolewa na Mustafa (Fahad Mustafa), mdogo wake Adeel asiye na kazi. Ndugu wawili wa baba mmoja wanatengwa na mali ndani ya nyumba moja, na wazazi wanampenda zaidi mwenye nazo. Hapo umaskini wa mjini wa leo upo: kodi ya nyumba, chumba kidogo, kazi isiyoheshimiwa.

Kalamu_ya_Pwani
Hiyo nzuri, nami ningeiweka ya pili baada ya Zindagi Gulzar Hai. Parizaad ya 2021 iache kwanza, ni ya mtu mmoja na safari yake, mapenzi ni pembeni. Ranjha Ranjha Kardi, 2018 hadi 2019, ndiyo inayoshuka chini kabisa, kwa binti wa waokota taka anayetaka maisha mengine, lakini ina ukatili ambao si wa kuangalia na watoto.

MwanaTamthilia
Basi Zindagi Gulzar Hai na wote, Humsafar nitaangalia na bibi mchana watoto wakiwa shule. Kwenye Zindagi Gulzar Hai, tukichoka na shajara, tunaweza kuanzia wanapooana?

Kalamu_ya_Pwani
Msifanye hivyo. Chuoni Kashaf anamsikia Zaroon akimzungumzia mbele ya marafiki zake kama kitu cha kuchezea, na maneno hayo ndiyo anayoingia nayo kwenye ndoa. Mkiruka, mtamwona mke mwenye gubu asiye na sababu. Angalieni mbili mbili kila siku, mtafika ndoani kabla wiki ya pili haijaisha.