Kampala–Nairobi: ndege ya Entebbe au basi, muda unaookolewa ni kiasi gani hasa?

Msafiri_Kla
Ndugu zangu, Entebbe hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni kama kilomita 520 angani. Barabara ya Kampala–Nairobi ni kama 650. Ratiba ya ndege husema saa moja na robo hivi, basi saa 12 hadi 14. Ukihesabu tangu katikati ya Kampala mpaka katikati ya Nairobi, inakuwaje?

Kajjansi77
Kwa ndege hesabu saa sita na zaidi. Kampala–Entebbe ni kilomita 40 tu, lakini barabara ya zamani ya Kajjansi jioni hula saa mbili bila huruma. Lipia barabara ya mwendokasi, ingia Busega au Munyonyo, dakika 45 hadi saa moja zinatosha. Halafu kuna lango la ukaguzi kabla ya jengo: abiria wote hushuka garini na kupita kwenye mashine, dereva peke yake ndiye huvuka na gari. Foleni hapo huwasahaulisha watu kwamba kaunta hufungwa mapema. Fika saa mbili na nusu kabla ya kuruka. Ukitua, weka dakika 45 za uhamiaji na mizigo, kisha nusu saa au zaidi hadi mjini.

Takisi za kawaida, yaani basi dogo za abiria, hukuacha Kitoro, mjini Entebbe, si uwanjani. Boda humalizia.

Dada_Tororo
Kajjansi77 kasema kweli, ila basi lisidharauliwe. Mwenye mzigo mzito halipii kilo kama kwenye ndege. Uliza kwanza linapita mpaka upi: Malaba hubeba malori mengi ya kontena kutoka Mombasa, foleni yake huziba hata barabara ya mabasi. Mimi napendekeza mpaka wa Busia. Pote pawili mihuri ya kutoka na kuingia hugongwa kwenye jengo moja, lakini basi zima humngoja abiria mmoja mwenye karatasi pungufu.

Msafiri_Kla
Asante dada. Pasipoti ni lazima?

Mzee_wa_Ratiba
Kwa raia wa Uganda, Kenya na Rwanda kitambulisho cha taifa kinatosha tangu 2014. Beba na kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Ikikosekana, unaweza kuzuiwa wakati wa kurudi.

Wanaotaka kulinganisha na Kigali: kutoka Entebbe angani ni kama kilomita 340, ila Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Tiketi ikionyesha unaondoka 10:00 na kufika 10:00, si kosa la uchapishaji. Safari ni ya saa moja. Wakati wa kurudi, tiketi itaonyesha kama safari ni ya saa mbili, na hapo ndipo wengi hupanga vibaya gari la kuwapokea. Nairobi saa ni ileile ya kwetu.

Dada_Tororo
Na 06:00 ya tiketi ni saa kumi na mbili asubuhi, mwambie dereva hivyo hivyo kwa maneno.