Wauza "chai ya kuyeyusha mafuta", huo utumbo mnaujua kweli?

Wakuu, hawa watu wa spika wametuchosha. Moshi stendi, Arusha sokoni, wimbo ni uleule: ukila kitimoto ukashushia soda baridi, mafuta yanaganda tumboni, kwa hiyo nunua chai yetu uyayeyushe. Uongo mtupu!

Soda baridi hupata joto la mwili, nyuzi 37, muda mfupi tu baada ya kuimeza. Chai ya moto nayo hupoa hadi hapohapo. Kinachoshughulika na mafuta ni nyongo, inayoyavunja kuwa matone madogo sana, halafu lipasi, kimeng'enya cha kongosho, inaikata trigliseridi (ndiyo molekuli ya mafuta tunayokula): zinatoka asidi mbili za mafuta na monogliseridi moja, yaani kipande kilichobaki na asidi moja. Vipande hivyo vinaingia kwenye seli za ukuta wa utumbo mwembamba, vinaungwa upya na kuvikwa protini. Kifurushi hicho cha mafuta ndiyo kailomikroni.

Na haiendi moja kwa moja kwenye damu kama mnavyotangaza. Ni kubwa mno kupenya kapilari, vile vijishipa vyembamba kabisa vya damu. Inaingia kwenye vijishipa vya limfu (majimaji ya mwili yenye njia zake mbali na damu), vile ambavyo daktari Mwitalia Gaspare Aselli aliviona mwaka 1622 ndani ya mbwa aliyetoka kula, vimejaa majimaji meupe kama maziwa. Kutoka hapo inapanda kifuani hadi chini ya shingo, upande wa kushoto, ndipo inamwagwa kwenye mshipa mkubwa wa damu. Asidi fupi za mafuta, zenye kaboni 10 kushuka chini, ndizo hasa zinazokwenda ini moja kwa moja.

Sasa hiyo chai. Nyingi ni sanamaki, majani ya kuharisha, na sanamaki inafanya kazi utumbo mpana, wakati mafuta yameshafyonzwa huko juu! Mteja anaharisha maji na chumvi za mwili, mizani inashuka kilo moja, anashangilia. Akinywa maji inarudi.

Mafuta yakitoka kweli chooni yanajulikana: choo cheupe-cheupe, kinanuka vibaya, kinaelea, kinang'ang'ania sinki. Huo ni ugonjwa, pengine njia ya nyongo imeziba au kongosho limechoka, na mtu anapoteza vitamini A, D, E na K, maana zinasafiri na mafuta hayohayo. Huyo apelekwe hospitali, siyo kuuziwa pakiti ya pili.

Muuzaji yeyote aliyemo humu atuambie: chai yako inayakuta wapi hayo mafuta?