Njia ya Scalextric imeshika kutu, nisafishe kwa dawa gani?

Mjomba_Upanga
Wakuu, habari za jioni. Dada yangu amerudi na familia kutoka Uingereza, na kwenye mizigo yao limo boksi la Scalextric, zile gari ndogo za umeme zinazofuata mfereji kwenye njia ya plastiki yenye reli za chuma. Boksi lilikaa stoo masika nzima, na huku kwetu upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini. Reli zimeota vidoa vya kutu. Gari inaondoka, inakata, inashtuka, inakata tena. Kwenye kona tairi za nyuma zinateleza. Humu ndani nina spiriti, siki, Jik, WD-40, petroli ya jenereta na asetoni ya shemeji ya kutolea rangi ya kucha. Nianze na ipi? Watoto wananidai mashindano Jumamosi.

Dereva_Mbagala
Petroli mkuu. Lowesha kitambaa, futa, maliza. Kutu sugua na stili waya ya sufuria.

Fundi_Redio_Tanga
Mjomba, tafadhali usifuate ushauri huo. Dereva hana nia mbaya, ila stili waya inakatika vipande vidogo mno, na gari nyingi za Scalextric zina sumaku chini ya tumbo. Sumaku inavizoa vyote, vingine vinaingia kwenye mota, vingine vinalala kati ya reli mbili na kupiga shoti. Petroli nayo mvuke wake unatambaa chini, na mota ya brashi inatoa cheche kila inapozunguka. Ndani ya nyumba yenye watoto, hapana.

Asetoni irudishe kwa shemeji leo hii. Bodi za gari hizi ni plastiki ambayo asetoni na thina zinaiyeyusha; tone moja linatosha kuharibu rangi na kioo. Jik nayo iache chooni: inaongeza kutu kwenye chuma, na ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, ni sumu.

Mimi natengeneza redio na amplifaya, na kanuni ninayoishika kwenye swichi ndiyo hiyohiyo kwenye reli: dawa nzuri ni ile inayokauka bila kuacha kitu. Spiriti yako geuza chupa usome. Spiriti za kidonda nyingine zinatiwa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo yakibaki kwenye njia, gari itateleza kuliko sasa. Nenda kwa mafundi simu Kariakoo uulizie isopropili, ile wanayosafishia bodi za simu. Hiyo inapaa yote. Zima transfoma, lowesha kipande cha fulana kuukuu, futa reli kwa kufuata urefu wake. Kitambaa kitatoka cheusi. Badilisha upande, endelea mpaka kitoke kisafi. Vioo vya gari usiviguse nayo, maana isopropili inaweza kuvitia ukungu au nyufa. Maji na sabuni ya vyombo vinatosha.

Kutu ni kazi nyingine. Anza na skochi ya kijani kavu, sugua taratibu kwenye reli tu. Kidoa kikigoma, chovya pamba ya masikio kwenye siki, gusa hapohapo, subiri kidogo, futa. Usiloweke kipande kizima, kwa sababu reli za Scalextric ni chuma kilichopakwa madini juu, na siki inakula tabaka hilo pia. Kisha futa kwa maji yenye magadi soda kidogo kuua asidi, halafu maji safi, halafu weka mbele ya feni mpaka pakauke kabisa, hata chini kwenye viungio.

WD-40 isipulizwe kwenye njia. Ipulizie kwenye kitambaa, pitisha juu ya reli, kisha pitisha kitambaa kikavu. Utando unaobaki hauonekani kwa macho, lakini unapunguza kutu. Huko Upanga bila hivyo itarudi.

Sasa lala chini uangalie gari. Chini ya pua utaona vibrashi viwili vya nyuzi za shaba zilizosukwa, ndivyo vinavyopokea umeme. Vikiwa vyeusi na vimelala, reli safi haitakusaidia. Vifute na isopropili, vichambue ncha kwa sindano, vikunje viguse reli sawasawa. Nadhani kukata kwa gari yako nusu yake kuko hapo.

Mjomba_Upanga
Ahsante sana fundi, Mungu akuzidishie. Vibrashi kweli vimelala, kimoja hakigusi kabisa. Na tairi je? Kuna jamaa kaniambia nipake polishi ya dashibodi zing'ae.

Mama_Zai
Kaka usipake! Mwanangu alipaka kwenye njia yake ya Carrera, chapa nyingine ya gari kama hizi, reli zake hazishiki kutu kirahisi, tukadhani tumepona. Gari zikawa zinaruka nje kila kona.

Fundi_Redio_Tanga
Mama Zai amesema kweli. Polishi ile mara nyingi ina silikoni, na kuitoa ni kazi. Tairi bandika selotepu mezani, upande wa gundi juu, uzibiringishe mpaka vumbi liishe. Za mpira zikiwa na utando wa mafuta, futa haraka kwa kitambaa chenye isopropili kidogo, usiziloweke.

Ukimaliza, mafuta ya cherehani: chovya ncha ya sindano, gusa pale ekseli inapopita kwenye bodi, pande zote mbili. Ikibaki kwenye sindano, gusa shafti ya mota inapotokea. Ikidondoka ni nyingi, futa, kwa sababu mota ikizunguka itairusha moja kwa moja kwenye tairi.