Darasa la Nne lenye watoto 480: wenye vipawa tunawabainishaje kwa haki?

mwl_taaluma_Ilemela

Habari za kazi walimu na wazazi. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii. Shule ni ya msingi ya serikali, hapa Ilemela. Darasa la Nne lina mikondo minne, kila mkondo una watoto 115 hadi 125. Tumetakiwa kupeleka kata orodha ya wanafunzi wenye vipawa na vipaji. Fomu ina nafasi ya jina, jinsi, umri na "aina ya kipaji", basi. Namna ya kuwapata haielezwi.

Walimu wengi wanataka tuchukue kumi bora wa kila mkondo katika mtihani wa muhula, tupeleke majina 40, kazi iishe. Mimi sikubaliani nao, ila sina njia nyingine ya kuwaonyesha. Je, kumi bora wanatosha? Kama hawatoshi, ni upimaji gani unawezekana kwa watoto 480 wakati hakuna fedha ya kudurufu karatasi? Na wazazi watakaokuja ofisini kuomba mtoto wao aingizwe, tuwajibu nini?

ElimuMaalumu_KandaZiwa

Mwalimu, wasiwasi wako una msingi. Kumi bora ni orodha ya ufaulu, na ufaulu ni kitu kimoja tu. Françoys Gagné wa Kanada alitofautisha tangu mwaka 1985 kipawa, yaani uwezo wa asili, na kipaji, yaani uwezo uliokwisha kunolewa ukaonekana. Mtoto anaweza kuwa na kipawa cha hesabu na bado akawa wa 60 darasani kwa sababu hana daftari, haoni ubao, au hakuwepo wiki mbili za mada ya sehemu. Orodha ya kumi bora itampita. Itawachukua watoto wa twisheni, ambao wengine wana uwezo mkubwa kweli na wengine wamekariri vizuri.

Mwalimu wa darasa ana mchango, ila asiulizwe "nani ana akili?" Akiulizwa hivyo atataja wasafi, watulivu, wenye mwandiko mzuri na viranja. Mpe karatasi yenye maswali manane, kila swali aandike majina yasiyozidi matatu. Nani hupata jibu sahihi kwa njia ambayo hukuifundisha? Nani huuliza swali linalokulazimu ufikiri kabla ya kujibu? Nani anamaliza mapema kisha anaanza kusumbua wenzake? Nani anaongea kama mtu mzima lakini daftari lake ni baya? Nani alishika somo baada ya kuelezwa mara moja? Maswali mengine tungeni ninyi kwa mtindo huo. Ajaze kabla hajafungua kitabu cha alama, la sivyo atanakili alama.

Waulizeni na watoto wenyewe. Kila mmoja aandike jina moja: ukikwama hesabu unamfuata nani? Jina moja tena: kukiwa na mchezo mpya, nani anaelewa sheria zake kwanza? Mkondo mzima unamaliza ndani ya dakika kumi. Watoto wanajuana kuliko tunavyodhani, na hapa ndipo huibuka wasichana wanaonyamaza makusudi wasionekane wanajidai.

Sharti moja msilivunje: majina ya walimu na ya watoto yaongeze watu kwenye upimaji, yasimwondoe hata mmoja. Mkimfanya mwalimu kuwa mlango wa kuingilia, atakayesahauliwa mlangoni hakuna mtihani utakaomrudisha.

Hesabu_Nyegezi

Naongezea upande wa upimaji wenyewe. Tatizo la mtihani wa muhula ni kwamba una dari fupi. Watoto wanane wakipata 48 hadi 50 kwa 50, huwezi kujua nani aliishia hapo na nani angefika mbali kama maswali yangeendelea. Dawa yake ni kumpa mtoto mtihani wa madarasa ya juu. Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alianza kazi hiyo mwaka 1971: watoto wa miaka 12 na 13 walipewa mtihani wa hesabu uliotungwa kwa wanaojiandaa kuingia chuo kikuu. Waliokuwa wakionekana sawa darasani wakatawanyika mbali kabisa. Sisi tuna mitihani ya nyuma ya Darasa la Tano, la Sita na la Saba, ambayo haina gharama.

Kwa watoto 480 fanyeni hivi. Hatua ya kwanza ni ya wote, bila kuchuja. Maswali 20 yaandikwe ubaoni, dakika 40, mtoto ajibu kwenye robo ya karatasi ya daftari: namba ya swali na jibu. Sita yawe ya Darasa la Nne ili kila mtoto apate pa kuanzia, manane ya la Tano, na sita yasiyotegemea kilichofundishwa. Kwa mfano mfululizo 2, 6, 12, 20, unafuata nini? Au hili: mtumbwi unabeba watu 7 akiwemo mpiga kasia, ambaye lazima awemo kila safari. Abiria 25 wako mwaloni. Watavushwa kwa safari ngapi? Anayejibu 4 amegawanya 25 kwa 7 bila kumwona mpiga kasia. Anayejibu 5 ameiona picha yote. Swali kama hilo linaeleza zaidi ya kugawanya kwa tarakimu nne.

Tungeni seti mbili, A na B, namba zibadilike na mtindo ubaki uleule, kwa sababu kwenye dawati la watoto wanne mtoto husoma jibu la jirani hata asipokusudia. Mikondo yote ifanye asubuhi moja, kwa wakati mmoja. Kama shule inaingia kwa zamu, waiteni wa mchana waje asubuhi siku hiyo. Mkiwaacha wa mchana, maswali yatawafikia njiani kabla ya saa sita. Epukeni maswali ya kuchagua: yenye majibu matano, mtoto anayebahatisha maswali 20 anaokota kama manne bure. Usahihishaji ni mwepesi. Walimu wanne, karatasi 120 kila mmoja, kwa dakika moja moja ni saa mbili.

Hatua ya pili chukueni asilimia 15 ya juu, yaani watoto 72, muongeze majina ya walimu na ya wenzao. Mtapata 90 hadi 110. Hao wapewe hesabu na ufahamu wa Darasa la Sita kwa saa moja. Hapa karatasi 110 zinadurufika.

Kosa linaloharibu orodha nyingi ni kumtaka mtoto afaulu kila kipimo: awe juu hatua ya kwanza, awe juu ya pili, na mwalimu amtaje pia. Kila kipimo kina makosa yake. Ukiviunganisha kwa "na", makosa yanazidishana na unabaki na wachache wenye bahati ya kuwa vizuri siku zote tatu. Kuingia hatua ya pili tumieni "au". Mwishoni tumieni wastani wa vipimo.

Wala msikate kwa wembe kwamba aliyepata 15 yumo na wa 14 hayumo. Wekeni ukanda wa alama mbili juu na mbili chini ya mstari, na waliomo waitwe mmoja mmoja kwa dakika kumi. Mwulize alipataje jibu, kisha mpe swali gumu zaidi palepale umsikilize anavyofikiri. Watoto 20 watakula saa tatu na dakika 20. Ndiyo saa zenye thamani kuliko zote katika zoezi hili. Mwanasaikolojia Lewis Terman alipoanza utafiti wake wa watoto wenye vipawa kule California mwaka 1921 aliweka mstari mkali wa alama za akili. Miongoni mwa waliopimwa wakaachwa walikuwemo William Shockley na Luis Alvarez, na wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mwaka 1956 na 1968.

Na vipimo vya akili vya bure vya kwenye simu, tafadhali, viacheni. Namba ya 130 ina maana tu pale ambapo mtoto amelinganishwa na watoto wa rika lake na wa mazingira yake.

Visiwani_Ukerewe

Hayo yote sahihi, lakini kwetu Kanda ya Ziwa kuna mambo yanayomficha mtoto hata mbele ya mtihani mzuri.

Kwanza lugha. Mtoto anayeongea Kisukuma, Kikerewe au Kijita nyumbani anaweza kuelewa hesabu ya mtumbwi haraka kabisa, akakwama kwenye neno "akiwemo". Someni kila swali kwa sauti mara mbili, na kwenye mazungumzo ya dakika kumi mwacheni ajieleze kwa lugha anayoiweza. Kuchanganya l na r kwenye maandishi ni alama ya lugha ya nyumbani, haihusiani na uwezo wa kufikiri. Msikate alama.

Pili mahudhurio. Familia za wavuvi huhama na samaki, leo mwalo huu, mwezi ujao mwalo mwingine. Kuna siku za mnada na siku dagaa zinapoanikwa, madawati yanabaki wazi. Msipime siku hizo. Ndani ya wiki mbili wekeni siku ya marudio kwa waliokosa, kwa seti ya tatu ya maswali. Msipofanya hivyo mtakuwa mmepima nani alikuwa na nafasi ya kuja shule. Kisha shikeni daftari la mahudhurio pembeni ya alama: mtoto aliyekosa siku 30 kati ya 90 na bado amefika katikati ya orodha, huyo aitwe kwenye mazungumzo hata kama alama hazikumfikisha.

Tatu afya. Kichocho kipo kando ya ziwa lote hili. Mtoto mwenye minyoo hiyo huishiwa damu, huchoka, husinzia, na mwalimu huandika "mvivu". Angalieni kama alikuwepo siku dawa za kichocho zilipogawiwa shuleni. Macho nayo: bandikeni chati ya herufi E ukutani, mtoto asimame mita 6, jicho moja moja. Asiyeona mistari ya chini akae mbele siku ya upimaji na apelekwe kituo cha afya. Asubuhi hiyo hiyo wapeni uji kabla ya kalamu, kama shule ina uji.

Wapo pia wenye ulemavu na kipawa kwa pamoja: asiyesikia vizuri, mwenye usonji, au ambaye herufi zinamchanganya lakini akiulizwa kwa mdomo anakushangaza. Hao wapimwe kwa mdomo au kwa vitendo, na Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri ahusishwe mapema.

UwanjaWaKirumba

Fomu imeandika "vipaji" pia, msiishie kwenye hesabu. Kwenye michezo kosa kubwa ni umri. Darasa la Nne moja lina watoto wa miaka 9 hadi 13. Mkimchagua anayekimbia kasi kuliko wote, mtakuwa mmemchagua aliyetangulia kuzaliwa. Andikeni tarehe ya kuzaliwa, mgawanye kwa mwaka, mlinganishe wa miaka 10 na wa miaka 10. Pimeni mita 60 mara mbili kwa siku mbili tofauti mchukue muda bora, na kuruka kwa miguu miwili kutoka mahali pa kusimama mara tatu. Baada ya hapo mfundisheni kitu kipya, tuseme namna ya kupokea kijiti, mwone nani anakishika baada ya kujaribu mara mbili tatu. Wepesi wa kujifunza unadumu kuliko misuli ya leo. UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi, huanzia shuleni, ikaenda kata, wilaya, mkoa hadi taifa, kwa hiyo rekodi hiyo haitakaa bure.

Kuchora, ngoma na uimbaji: kazi tatu za mtoto zilizofanywa kwa nyakati tofauti, zitazamwe na watu wawili ambao hawakuambiwa ni za nani.

mwl_taaluma_Ilemela

Asanteni sana, hiki ndicho nilichokitaka. Bado mawili. Mwisho tuandike wangapi? Na hao watoto wanapata nini, maana shule za vipaji maalumu zinachukua baada ya kumaliza elimu ya msingi, na huyu yuko la Nne.

ElimuMaalumu_KandaZiwa

Idadi kwanza. Joseph Renzulli, mtaalamu wa Marekani wa elimu ya wenye vipawa, anashauri kundi pana la asilimia 15 hadi 20, kwa hoja kwamba kukosea kumwingiza mtoto hakuna madhara makubwa, kukosea kumwacha kunayo. Kwenu ni kama 72 hadi 96. Kata ikitaka wachache, pelekeni wanaowataka, ila kundi pana libaki shuleni na lihudumiwe. Pimeni tena kila mwaka, wengine waingie.

Shule za vipaji maalumu, yaani Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora kwa wavulana, Kilakala, Msalato na Tabora kwa wasichana, huchagua kwa matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Hakuna hata moja iliyo kando ya ziwa letu. Mtoto ambaye hakubainiwa mapema na akachoka shule akiwa la Tano hafiki kwenye mtihani huo akiwa na alama zinazomstahili. Kwa hiyo kazi ya sasa ni kumfanya asichoke.

Mwanzoni mwa kila mada ya hisabati mpe jaribio la maswali kumi ya mada hiyo. Akipata manane au zaidi, asifanye mazoezi 40 ya anachokijua. Afanye matano magumu, kisha apewe tatizo la wiki: apime eneo la uwanja wa shule kwa kamba, atafute njia tatu za kutatua swali moja, asome kitabu cha darasa la juu kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mara mbili kwa wiki, dakika 40, kundi likutane na mwalimu mmoja. Msimgeuze kuwa mwalimu msaidizi wa kila siku, kwa sababu na yeye amekuja kujifunza. Kurusha darasa kunahitaji kikao cha mzazi, mwalimu mkuu na halmashauri, na mtoto mwenyewe aulizwe.

Kuhusu wazazi, jibu ni moja kwa wote: mtoto wako amepimwa, kwa sababu wote wamepimwa, na hizi hapa alama zake. Kaunti ya Broward, Florida, Marekani, ilikuwa ikitegemea walimu na wazazi kupendekeza watoto. Mwaka 2005 ikaanza kuwapima wote wa Darasa la Pili, na wachumi David Card na Laura Giuliano walionyesha kwamba watoto wa familia maskini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walioingia kwenye programu ya wenye vipawa waliongezeka sana. Kipimo cha wote ndicho kinachomlinda mtoto ambaye mzazi wake hatakuja ofisini kwako kwa sababu usiku huu yuko ziwani.

Matokeo yawekwe kwenye jalada la kila mtoto: karatasi za hatua zote, majina ya waliompendekeza, na maneno mawili matatu ya aliyezungumza naye. Akihama kwenda mwalo mwingine, nakala iende pamoja na barua ya uhamisho, ili shule mpya isianze upya.