Naomba ushauri: kusafisha soketi za valvu, redio ya zamani

Habari za jioni wakuu. Niko Mafinga. Redio za transista nazimudu, ila hii ya valvu (zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista) ndiyo ya kwanza kuifungua.

Ni ya marehemu babu, boksi la mbao, valvu tano: ECH81, EF89, EABC80, EL84 na EZ80. Ilikaa miaka kwenye dari la jiko la kuni, na mnaujua ukungu wa huku. Inawaka, lakini inakwaruza. Nikiigusa EL84 (valvu inayosukuma sauti kwenye spika) kidogo kwa kijiti kikavu, sauti inapotea halafu inarudi. Nikimulika tochi kwenye soketi naona ukijani ndani ya matundu, na mawili kati ya yale tisa yamelegea kabisa.

Nilichomoa umeme, nikamaliza chaji ya kapasita kubwa kwa rezista (mara ya kwanza nilisahau, nikarushwa vizuri tu), nikatoa vumbi kwa brashi laini, kisha nikachomeka na kuchomoa valvu mara kadhaa. Ikapata nafuu siku mbili, ikarudia. Jirani anasema nitumie msasa au petroli. Msasa nahofia utakwangua mpako wa chuma. Petroli sitaki hata kuisikia.

Sasa, spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 inafaa, au maji yake yatabaki ndani hadi nitafute spiriti ya isopropili ya asilimia 99? Na yale matundu mawili, niyabane kwa sindano au nibadilishe soketi nzima? Nyaya za chini ni kavu, zinakatika ukizitazama.